Leo Unaanza na Nini?

Wewe uliyelishika daftari hili, nakusihi usimsimulie mtu neno hata moja lililomo. Si ndugu, si jirani, si rafiki wa kufa na kuzikana. Maneno mengi humu si yangu. Ni ya watu walioniambia kabla hawajanawa uso, saa ambayo mtu bado hajavaa sura yake ya mchana, nami niliwaahidi kwamba hayatatoka. Kama huwezi kuweka siri, lirudishe ulipolikuta. Kama unaweza, soma taratibu. Mimi ni mtu mwoga na nimeandika kama waoga wanavyotembea, hatua moja mbele, macho nyuma.

Jumatatu, 4 Machi

Nimeanza kazi. Ofisi iko ghorofani juu ya duka la rangi na misumari, na ngazi zinanuka tapentaini. Ndani kuna meza mbili, birika la umeme na simu ya mezani ambayo waya wake umejisokota mpaka ukiuvuta simu yote inakufuata. Kocha amenipa kiti kinachotazama dirishani. Amesema mtu anayeongea na watu asikae akitazama ukuta.

Wote wanamwita Kocha, hata mwenye duka la chini. Anafundisha watu waliojiajiri: maseremala, wasusi, mafundi wa kila namna, watu wasio na bosi. Jumamosi huja darasani kwake. Siku nyingine, asubuhi, karani huwapigia simu mmoja mmoja, na karani sasa ndiye mimi. Nina swali moja tu: "Leo unaanza na nini?" Kisha ninyamaze mpaka mtu ajibu. Nisishauri. Nisisifu pia, maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mtu akishasema anaanza na nini, nimtakie kazi njema, nikate.

Nilimuuliza kwa nini mtu mzima mwenye nyundo yake apigiwe simu kama mtoto anayeamshwa kwenda shule. Niliuliza kwa sauti ndogo, nikijuta kabla sijamaliza. Hakukasirika.

"Binti," alisema, "aliyeajiriwa akichelewa, kuna mtu atauliza yuko wapi. Aliyejiajiri akichelewa, hakuna hata anayejua. Watu wanadhani njaa ndiyo inamwangusha. Kinachomwangusha ni kutongojwa. Wewe ndiye utakayekuwa unamngoja."

Njia nzima ya kurudi nyumbani nililirudia neno hilo. Nilimfikiria Dada. Dada yangu ni fundi cherehani. Tangu mama afariki ndiye aliyenilea na kunisomesha, kwa cherehani ile ile ya mama, kwenye chumba cha mbele kinachofunguka barabarani. Yeye pia ni mwanafunzi wa Kocha, na ndiye aliyemwomba anipe kazi hii. Mara ngapi nimeamka nikamkuta amekaa mbele ya cherehani, mikono mapajani, anatazama tu? Nilidhani amechoka. Kumbe hakuna aliyekuwa anamngoja.

Jumanne, 5 Machi

Nimepiga simu zote. Hakuna aliyenitukana.

Ijumaa, 8 Machi

Sasa nawajua kwa sauti. Msusi huongea huku ana kichana mdomoni. Leo alisema, "We karani, unaniuliza naanza na nini, mwenzio naanza na kutafuta kiatu cha pili." Fundi Viatu ni mzee, ananiita mjukuu wangu, na kila siku ana jibu jipya la mzaha. Jana alianza na kushoto, akasema kulia kutafuata. Seremala hana mzaha. Hunyamaza muda mrefu mpaka nadhani simu imekatika, kisha husema kitu kimoja: "Miguu ya kitanda." Na kabla sijakata nasikia randa imeshaanza kupita juu ya mbao. Sauti ile inanipa raha siwezi kuieleza.

Dada naye yumo kwenye zamu yangu. Tunakunywa chai meza moja, natoka, nafika ofisini, nampigia. Hujibu kama hanijui. "Naanza na kola, bi karani. Na wewe umefika salama?" Jioni tunacheka mpaka jirani anagonga ukuta.

Kocha anasema kweli. Mtu akilitaja jambo dogo kwa mdomo wake, mkono unaona aibu kukaa. Ukimwambia aanze na kitanda kizima, atarudi kulala. Akianza na mguu mmoja, kitanda kitasimama.

Jumatano, 13 Machi

Mvua ya kwanza. Barabara imegeuka tope, wateja hawakutoka.

Mchana Kocha alichemsha chai mwenyewe, akaniletea yangu bila sukari. Nilimwambia siku ya kwanza kwamba situmii, na hajasahau. Akavuta kiti karibu, akaniuliza kwa upole, "Nani kalegea leo?"

Sikuelewa. Akafafanua kwamba mvua hulegeza watu, na yeye anataka kumjua aliyelegea ili amtembelee, amtie moyo kabla hajaanguka. Daktari hawezi kwenda kwa mgonjwa asiyeonyeshwa nyumba. Nilimkumbusha kwamba watu hawa tuliwaahidi maneno yao hayatoki kwenye simu. Alicheka kidogo, kicheko cha mzazi. "Hayajatoka. Mimi na wewe ni sikio moja."

Nikamwambia kwamba Msusi alikuwa na unyonge. Alinisikiliza kama mtu anayesikia habari za mwanawe.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua. Msusi yuko sawa, amenitania kuhusu sauti yangu, eti naongea kama mtu aliyebeba mayai. Kocha hakwenda kumtembelea, lakini labda alimpigia.

Alhamisi, 21 Machi

Leo Seremala alinyamaza kuliko kawaida. Nilingoja. Matone yalikuwa yanapiga bati la kwake, nayasikia kwenye simu, na hakuna randa. Mwishowe akasema, "Karani, randa imenizidi uzito. Wakati mwingine naona heri mtu aniambie fanya hiki, nifanye, nilale."

Sikutakiwa kusema lolote. Nikamngoja zaidi. Akashusha pumzi, akasema ataanza na kufagia. Nikamtakia kazi njema. Ilinichoma kusema "kazi njema" kwa mtu aliyezungumza vile.

Mchana Kocha aliuliza nani kalegea. Nilimweleza yote, mpaka maneno yenyewe. Nilimwomba aende kwa Seremala leo leo, hata kama mvua inanyesha. Alinitazama kwa muda, akasema nina sikio ambalo hakuwahi kuliona kwa karani yeyote. Niliona fahari. Naandika hapa kwamba niliona fahari.

Jumatatu, 25 Machi

Seremala hapokei simu. Kocha amesema nisimpigie tena, amehitimu.

Jumatano, 27 Machi

Nimemwona Seremala. Nilitumwa posta, nikapita nyuma ya ghala la samani, lile kubwa lenye karakana ambamo mafundi hukaa kwa safu na msimamizi hupita katikati yao. Alikuwa anashusha mbao kwenye gari, amevaa koti la kijivu kama wenzake. Nilimtambua kwa sauti, maana uso wake sikuwahi kuuona zaidi ya mara moja. Nikajitambulisha. Nilitegemea angefurahi.

Alinieleza, akiwa ananitazama kifuani badala ya usoni, kwamba siku ile ile aliyozungumza nami, jioni, alikuja mtu mwenye mwavuli mweusi, wakala wa tajiri wa ghala. Alikaa juu ya benchi lake la kazi, akashika randa, akasema randa ni nzito hii, ndugu yangu, na heri mtu uambiwe fanya hiki, ufanye, ulale. Na mkataba ulikuwa mfukoni. Zana zote zikawa za ghala. Zikishaingia, hazitoki.

"Alikuja na maneno yangu mwenyewe mdomoni," alisema. "Nikadhani ni Mungu ananijibu. Nikatia saini."

Msimamizi alimwita, akaenda bila kuniaga.

Watu wengi waliochoka husema vile, nilijiambia. Mbao ni nzito kwa kila mtu. Nilijiambia hivyo mpaka posta na kurudi. Nilitaka kumuuliza Kocha, nikafika mlangoni, nikamkuta ananifutia vumbi meza yangu. Sikuuliza.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua imezidi. Jioni nilimkuta Dada jikoni, hajawasha jiko. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani amemrudishia furushi la sare. Kasema kola zimepinda. Nimezitazama, hazijapinda. Nadhani shule imepata fundi mwingine na imetafuta sababu.

Niliwasha jiko mimi. Dada alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa, akaongea akiwa anatazama moto. Alisema tangu furushi lirudi, mkono wake umekuwa wa mtu mwingine. Akiutazama mguu wake juu ya pedali anajiuliza, nitakanyaga mpaka lini? Kisha akasema jambo ambalo sijawahi kulisikia kwake: kwamba yeye hakuipenda cherehani kamwe, ilikuwa ya mama, na ameishika miaka yote kwa sababu mimi nilikuwa nasoma, na sasa nimemaliza kusoma hajui anamshonea nani.

Nilimshika mkono. Akaniambia, "Usinihurumie, mdogo wangu, nitaamka tu. Huwa naamka."

Jumatano, 3 Aprili

Kocha aliuliza, nikamwambia wote wako imara. Akaitikia kwa kichwa. Kisha, akiwa anamimina chai, akauliza, "Na nyumbani? Huyu dada yako yukoje? Unaonekana hujalala."

Hakuuliza kuhusu mwanafunzi wake. Aliuliza kuhusu nyumbani. Hakuna mtu mwingine duniani anayeniuliza habari za nyumbani. Nikaanza kulia, na nikamweleza.

Alhamisi, 4 Aprili

Nilimpigia Dada. "Leo unaanza na nini?" Akajibu, "Sijui." Hajawahi kujibu hivyo.

Ijumaa, 5 Aprili

Naandika kwa kalamu ya risasi kwa sababu sioni vizuri na sitaki kuchafua karatasi.

Nilirudi alasiri. Mlango wa chumba cha mbele ulikuwa wazi, mvua inaingia, hakuna aliyeufunga. Meza ya cherehani ipo. Cherehani haipo. Pamebaki alama nne za miguu ya chuma kwenye ubao na kipande cha uzi mweupe ambacho kila upepo ukiingia kinasogea. Mkasi haupo, pasi haipo, hata kile kisanduku cha vifungo ambacho tulikuwa tunakitikisa utotoni kama kayamba, hakipo.

Dada alikuwa jikoni. Jiko limewaka, chakula kimeiva, kila kitu safi. Nilijua kuna jambo kwa jinsi kulivyokuwa safi.

Nikauliza cherehani iko wapi. Akajibu, akiwa amenipa mgongo, kwamba iko ghalani, na yeye Jumatatu atakuwa ghalani pia, safu ya wanawake, karibu na dirisha, wamemwahidi dirisha. Alikuja mtu mmoja mwenye adabu sana, na mwavuli.

Nilisema, Dada, kwa nini hukuningoja nirudi? Hapo akageuka. Sijawahi kuogopa uso wa Dada. Leo niliuogopa.

"Aliniambia mguu wangu umechoka kukanyaga. Nikasema sawa, kila fundi mguu unachoka. Kisha akaniambia, dada, hii cherehani hukuipenda kamwe, ni ya mama yako, na yule uliyekuwa unamshonea ameshamaliza shule. Unajua nilifanya nini? Nilitazama mlangoni. Nilidhani mama ndiye amemtuma."

Nilikaa chini sakafuni.

"Nilikuambia jikoni," Dada alisema. "Si kwenye simu. Ningekuambia kwenye simu ningesema sawa, ni kazi yake. Nilikuambia hapa, nimekaa kwenye ndoo hii."

Nilianza kueleza kwamba Kocha aliuliza kwa wema, kwamba nililia, kwamba sikujua. Nilisikia maneno yangu yanavyotoka, yamepangwa vizuri, na kila neno lilikuwa kweli, na hakuna lililosaidia. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa. Kisha akanipakulia chakula. Akakiweka mbele yangu, akaenda kulala bila kula, jua bado halijatua.

Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Mimi ndiye niliyekuwa kata, na nimeenda kuumwaga mtungi barabarani.

Jumapili, 7 Aprili

Dada haongei na mimi. Ananipakulia, hanitazami.

Jumatatu, 8 Aprili

Dada ametoka kabla yangu, amevaa koti la kijivu. Limemkaa vibaya mabegani, na najua ameliona, na najua hakulirekebisha kwa makusudi.

Mimi nimekwenda ofisini. Nilitaka kukaa nyumbani, nikaogopa. Nimepiga simu zangu. Nimenywa chai yake. Bado kuna sehemu yangu inayotaka awe hana hatia. Labda anamweleza mtu, na mtu huyo ndiye mwovu. Mwoga hutafuta mlango wa nyuma hata kwenye chumba kisicho na mlango wa nyuma.

Nimepata wazo. Linanitia homa.

Jumanne, 9 Aprili

Asubuhi Fundi Viatu aliniambia anaanza na soli ya buti la askari, na kwamba buti hilo linanuka kuliko askari mwenyewe. Alikuwa na furaha kama mtoto. Mchana Kocha aliuliza nani kalegea. Nilishika kikombe kwa mikono miwili. Nikasema Fundi Viatu amekata tamaa. Nikasema ameniambia macho hayaoni tundu la sindano, na kwamba anawaonea wivu wanaofanya kazi chini ya taa kubwa. Maneno hayo niliyatunga mwenyewe ngazini. Hakuna mtu duniani aliyewahi kuyasema.

Kocha alisikitika. Alisikitika kweli, macho yakalegea. Sijui mtu anafanyaje hivyo.

Jumatano, 10 Aprili

Nilipompigia Fundi Viatu hakungoja swali.

"Mjukuu wangu, jana nimepata kichekesho. Kaja jamaa na mwavuli, kakaa kwenye kigoda changu, kanihurumia macho. Eti sioni tundu la sindano. Nikampa sindano na uzi, nikamwambia tutunge wote, atakayeshindwa avae buti la askari. Kashindwa! Halafu akaniambia najua unawaonea wivu wanaokaa chini ya taa kubwa. Nikamwambia, mwanangu, taa kubwa ziko mochwari pia."

Alicheka sana. Mimi nilikuwa nimeuma mkono. Hapo, maana ana akili yule mzee, akauliza taratibu, "Nani kamwambia mambo ya macho yangu?"

Nilimwambia, mimi. Nikamweleza yote, kwa simu ya ofisi, mlango ukiwa wazi. Sikumsikia Kocha akipanda ngazi. Nilipoweka simu chini alikuwa amesimama na mwavuli wa kuazima unachuruzika maji kwenye sakafu.

Hakufoka. Angefoka ningekimbia. Alitundika koti, akawasha birika, akakaa. Akaniuliza kama nimemaliza. Nikasema nina swali moja. Nikamuuliza kwa nini.

Alijibu kama anavyojibu darasani, kwa mifano. Alisema kati ya wanaojiajiri, wengi huanguka, mvua hii au ijayo. Yeye hawasukumi. Anawatandikia godoro pale watakapoangukia. Tajiri anapata mafundi waliokwisha kuiva, fundi anapata paa, yeye anapata ahsante yake. Nani kaumia? Kila mmoja alitia saini kwa hiari.

Nikasema Dada angeamka. Huwa anaamka.

"Labda," alisema.

Nikasema, "Uliniambia mimi na wewe ni sikio moja."

Alinisogezea kikombe, bila sukari. "Sikio ni moja, binti. Mdomo ni wangu."

Nilichukua mkoba wangu. Kitu kinachoniuma kuliko vyote ni kwamba aliyotufundisha ni kweli. Mtu anataka kungojwa. Mtu aanze na kidogo. Aliyajua haya kuliko sisi, na kwa kuyajua ndivyo alivyojua pia saa ya kupiga. Kila aliyejiajiri ana asubuhi yake mbaya, na asubuhi mbaya ni kama mvua, inapita. Ukimletea mtu mkataba huku inanyesha, atatia saini kwamba jua halipo.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimekwenda kwa Msusi, nimemweleza uso kwa uso. Alikuwa na mteja kichwa nusu. Hakuacha kusuka. Aliniambia kumbe mimi ni bomba, juu wanamimina siri, chini zinatokea kwa tajiri. Aliniambia ndiyo maana nilikuwa naongea kama nimebeba mayai, kumbe mayai yenyewe ya wenzangu. Mteja alicheka. Nilisimama pale mpaka akamaliza, kisha nikamwambia yule wa mwavuli akija siku yake ya unyonge, amwambie arudi jua likiwaka.

Akasema, "Toka." Nikatoka.

Jumanne, 16 Aprili

Mvua. Sina kazi. Dada bado hanisemeshi.

Ijumaa, 19 Aprili

Nimefagia chumba cha mbele, nimefunga mlango uliokuwa unaingiza maji, nimekaa kwenye kigoda cha Dada mbele ya meza tupu. Nimeelewa sasa alikuwa anatazama nini miaka yote. Hakuna kinachotazamwa. Ni kwamba tu hakuna aliyekuuliza.

Jumatatu, 22 Aprili

Leo, bila mtu kunituma, nilimpigia Fundi Viatu kwa simu yangu mwenyewe. Nilidhani atakata. "Leo unaanza na nini?" Akasema, "Naanza na kufurahi kwamba umepiga. Halafu gidamu."

Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Kisha nikampigia Msusi. Hakupokea.

Jumanne, 23 Aprili

Msusi hakupokea.

Alhamisi, 25 Aprili

Msusi alipokea. Alisema, "Naanza na mteja mwenye chawa, nenda kamwambie tajiri wako." Kisha akasema, kabla ya kukata, "Kesho usichelewe, jana ulichelewa."

Jumatatu, 29 Aprili

Mvua imekatika. Barabara inafuka moshi wa jua.

Nilikuwa nimekaa mbele ya meza ya cherehani, nimemaliza kuongea na Fundi Viatu na Msusi. Seremala nilimpigia pia, mara ya kwanza tangu aingie ghalani. Alisema kule asubuhi hakuna anayeuliza, wanaambiwa. Nilimwambia mimi nauliza. Akanyamaza sana, kama zamani, akasema, "Nitaanza na bawaba." Sikusikia randa, lakini nilimsikia anajikohoza kama mtu anayesimama.

Nilipoinua macho, Dada alikuwa mlangoni, amevaa koti la kijivu, kufuli mkononi. Sijui alisimama tangu saa ngapi. Mabega ya koti yalikuwa yamekaa sawa. Ameyarekebisha, kwa mkono, mishono midogo.

Alisema, "Mimi hujaniuliza."

Hilo ndilo neno la kwanza tangu ile siku ya jikoni. Nikamuuliza, Dada, leo unaanza na nini?

Alifikiri. Aliichukulia kama swali la kazi.

"Leo naanza na kutokukusamehe," alisema. "Kesho niulize tena."

Akafunga mlango taratibu, akaenda.

Jumatano, 1 Mei

Jana nilimuuliza. Akajibu lile lile, bila kunitazama. Leo nilimuuliza. Akajibu lile lile, lakini alikuwa amesimama mlangoni kabla sijamaliza chai, anangoja swali.

Alhamisi, 2 Mei

Kocha amenitumia ujumbe nirudishe ufunguo wa ofisi, kwa adabu, na salamu kwa nyumbani. Ameshapata karani mwingine. Nitaupeleka kesho saa ya chakula, akiwa hayupo, na daftari hili nitalisukuma nyuma kabisa ya mtoto wa meza, chini ya gazeti lililotandikwa.

Kwa hiyo ni wewe. Nilikuwa nakuandikia wewe tangu ukurasa ule wa kwanza, nilioubandika baadaye kwa gundi. Umekaa kwenye kiti kinachotazama dirishani. Chai yako imeletwa jinsi unavyoipenda. Kama ameshakuuliza habari za nyumbani, soma haraka kuliko nilivyokuambia.

Usimwambie umelisoma. Usimwonyeshe. Akiuliza nani kalegea, mwambie wote wako imara, umtazame usoni, kisha uende chooni ukatetemeke. Mimi nilifanya hivyo mara moja, nikamwacha aendelee kuuliza. Usiendelee kukaa.

Siku ukitaka kunipata, usitumie simu ya ofisi. Shuka ngazi, mwenye duka la rangi atakupa namba yangu ukimwambia unatafuta mtu asiyetumia sukari. Ukiona vigumu kupiga, njoo. Fuata barabara inayopita nyuma ya ghala, huna haja ya kuhesabu nyumba, utaona moja yenye chumba cha mbele kinachofunguka barabarani, meza tupu ndani, na alama nne za miguu ya chuma juu yake. Njoo mapema, kabla watu hawajanawa uso. Kama mlango umefungwa, gonga dirishani mara moja tu, Dada hapendi kelele. Akifungua yeye, usimwambie wewe ni karani. Mwambie una nguo ya kurekebisha mabega, nami nitatoka.

Sitakuuliza jina, wala nani kalegea. Nitakuuliza unaanza na nini. Nijibu lolote, hata kama ni "sijui." Litaishia hapa.